Mahindi ghalani au fedha benki? Njia za nchi kujiwekea akiba ya chakula, zikilinganishwa

Ukifika kwenye kituo cha kununulia mahindi Nyanda za Juu Kusini mwezi wa Agosti, utapokelewa na foleni. Matrekta, mafuso na mikokoteni ya ng'ombe imejipanga, wenye mali wamelala juu ya magunia yao wakisubiri zamu. Kijana wa ukaguzi anakuja na bambo mkononi, analichoma kwenye tumbo la gunia, punje za kujaa kiganja zinateremka. Anazinusa, kisha anazimimina kwenye kipima unyevu. Kikisoma asilimia 13.5 kushuka chini, gunia linakwenda kwenye mizani. Kikisoma 15, mzigo unashushwa na kumwagwa kwenye turubai, na mwenyewe anaanza kuugeuza juani kwa miguu peku, siku mbili, pengine tatu.

Mahindi ya baba yangu mdogo nimeyageuza hivyo mwenyewe. Yalipopokelewa tukakaa wiki saba tukisubiri malipo, na ada ya shule ya watoto ikalipwa kwa mkopo wa jirani. Najua basi jinsi akiba ya taifa inavyomuumiza mtu anayeijaza. Hata hivyo, nikiulizwa nichague kati ya nchi yenye nafaka ghalani na nchi yenye fedha tu benki, nitachagua nafaka. Nitaeleza kwa nini, na pia nitaeleza pale ambapo fedha, mfanyabiashara au kihenge cha nyumbani vinalishinda ghala la serikali, maana mahali pa namna hiyo pako pengi.

Nitazilinganisha njia hizi kwa maswali matatu. Tangu njaa inapoanza kuonekana hadi debe la mahindi kumfikia mwenye njaa, zinapita siku ngapi? Mwaka wa mavuno mazuri, nchi inalipa nini kwa kuwa na akiba hiyo? Na ufunguo uko kwa nani?

Nafaka yenyewe, chini ya paa la serikali

Mfano tunaoujua kwa karibu ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanza kazi Julai 2008. Maghala yake yametawanywa kwa akili: Songea, Makambako na Sumbawanga ndiko mahindi yanakolimwa kwa wingi, Dodoma na Shinyanga ndiko mvua inakokatika mara kwa mara, Kipawa, Dar es Salaam, ndiko kwenye midomo mingi isiyolima. Uwezo wa kuhifadhi ulikuwa tani 251,000, hadi serikali ilipokopa dola milioni 55 kutoka Poland kujenga vihenge vya kisasa na maghala mapya ili kufikia tani 501,000.

Tani hizo ni nyingi au chache? Tufanye hesabu ya sufuria. Mtu mmoja akipata gramu 400 za mahindi kwa siku, kwa siku 90 anahitaji kilo 36. Tani moja basi inawalisha watu 27 kwa miezi mitatu. Tani 251,000, kama zingekuwamo zote, zingewalisha karibu watu milioni 7 kwa muda huo; tani 501,000 karibu milioni 14. Hazitoshi kulilisha taifa zima, na hakuna anayepaswa kudai zinatosha. Zinatosha kuivusha mikoa iliyokosa mvua kutoka Desemba, vihenge vinapoanza kulia, hadi mahindi mabichi ya kwanza yanapopatikana.

Kwa swali la siku, hakuna njia ya serikali inayolishinda ghala. Lori likipakia Makambako leo, kesho au keshokutwa liko Dodoma. Hakuna zabuni ya kimataifa, hakuna meli, hakuna nchi jirani ya kuombwa kibali. Na bei sokoni huanza kutulia kabla hata ya gunia la kwanza kushushwa, kwa sababu mlanguzi aliyeficha mzigo akingoja bei ipande zaidi akisikia malori ya serikali yako njiani, anaufungua wake.

Gharama ndipo ghala linapotoka jasho. Tuseme serikali inanunua tani 100,000 kwa shilingi 700 kwa kilo. Hizo ni shilingi bilioni 70. Kama fedha hizo ni za mkopo wa riba ya asilimia 15, kila mwaka riba peke yake inakula bilioni 10 na nusu, mahindi yakiwa yamekaa tu. Ongeza magunia, chaga za kuyainua kutoka sakafuni, dawa ya kufukiza, walinzi, na paa lisilovuja. Ongeza wadudu wa nafaka, fukusi na dumuzi, ambaye tangu alipoingia Tanzania miaka ya 1970 hajawahi kuondoka; gunia ulilolifunga likiwa na punje unalikuta lina vumbi jeupe. Mahindi hukaa salama miaka miwili, mitatu, kisha lazima yatoke yaingie mengine. Ghala lisilo na mlango wa kutolea mzigo wa zamani ni shimo la fedha.

Wahindi walilimaliza tatizo hilo kwa njia yao. Shirika lao la chakula, lililoundwa 1965, linatakiwa kuwa na zaidi ya tani milioni 41 za mchele na ngano ifikapo Julai mosi ya kila mwaka. Mzigo huo hauozi wote ghalani kwa sababu sheria ya mwaka 2013 inawapa watu zaidi ya milioni 800 haki ya kilo 5 za nafaka kwa mwezi kupitia maduka ya mgawo. Kila mwezi ghala linapumua. Sisi hatuna maduka hayo, na sioni tukiyaweza. Milango yetu ni magereza, shule za bweni, majeshi, kambi za wakimbizi za Kigoma kupitia Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), na majirani wenye upungufu. Mlango huo wa mwisho ulipanuka ghafla. Februari 29, 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, baada ya hekta milioni 1 za mahindi kati ya milioni 2.2 zilizopandwa kuteketea, na Juni mwaka huohuo ikafunga makubaliano na Tanzania ya kuuziwa tani 650,000.

Zambia hiyohiyo, mwaka 2011, wakala wake wa akiba ulinunua zaidi ya tani milioni 1.7, kiasi ambacho haukuwa na mahali pa kukiweka. Mzigo mwingine ulibaki nje chini ya maturubai, mvua ikaukuta. Miaka 13 baadaye ikawa inaomba kwa jirani. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa ni jambo linaloweza kutupata sisi kesho: mwaka wa shibe tunanunua kuliko ghala linavyobeba ili kuwaridhisha wakulima, na mwaka wa njaa tunakuta lililobaki halitoshi.

Malawi, 2001: ghala lilipouzwa

Anayetaka kuchagua kati ya nafaka na fedha aanzie hapa. Katikati ya mwaka 2000 Malawi ilikuwa na akiba ya tani zipatazo 167,000, iliyonunuliwa kwa mkopo wa benki wenye riba kubwa. Shirika la Fedha la Kimataifa likashauri akiba ipunguzwe hadi kati ya tani 30,000 na 60,000. Hoja haikuwa ya kipuuzi: mahindi yalikuwa yanazeeka, deni linakua, na makadirio ya mavuno yalionyesha chakula kipo. Ukichukua hesabu za karatasini, ungeshauri hivyo hivyo.

Lakini mapema mwaka 2001 mafuriko yaliharibu mahindi, na upungufu huo ukafichwa na makadirio makubwa mno ya muhogo na viazi. Akiba haikupunguzwa hadi tani 60,000; iliuzwa karibu yote. Fedha zilizopatikana zilikuwa na mwenyewe, yaani deni. Kwa hiyo ilipofika mwishoni mwa 2001, nchi haikuwa na nafaka wala fedha. Yakaagizwa mahindi kutoka nje, nayo yakakwama bandarini, kwenye reli na kwenye barabara zilezile ambazo majirani wenye upungufu walikuwa wakizitumia. Kati ya Januari na Machi 2002 watu walikufa vijijini, mahindi yakiwa njiani.

Wanaosema "fedha ni bora kuliko mahindi yanayooza" niwaombe wazitazame siku hizo. Fedha ya akiba inafaa ikiwa ipo kweli, kwenye akaunti yake, na haina mdai mwingine. Serikali ngapi zetu zinaweza kuacha dola milioni kadhaa zilale benki miaka minne ya mvua nzuri bila mtu kuzigusa?

Fedha badala ya gunia

Kenya ndiyo iliyoandika njia hii waziwazi zaidi kwetu Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi sera yake ya akiba ilikuwa magunia milioni 3 ya kilo 90, yaani tani 270,000, pamoja na dola milioni 60 za kuagizia mengine yakihitajika. Kama wazo, naliheshimu. Gunia linashughulikia miezi ya kwanza, dola inaleta meli. Mwaka wa shibe dola hailiwi na dumuzi, haihitaji chaga wala mlinzi, na inaweza hata kuzaa riba badala ya kuilipa.

Tatizo la kwanza ni kwamba fedha husinyaa wakati njaa inapanuka. Tuseme tani moja bandarini ni dola 250: dola milioni 60 zinaleta tani 240,000. Ukame ukiikumba kanda nzima na tani ikafika dola 400, fedha ileile inaleta tani 150,000. Mwaka 2008 wanunuzi wa mchele duniani waliliona hili. India na Vietnam zilipobana mauzo, bei ilipanda ndani ya miezi michache hadi kukaribia dola 1,000 kwa tani, na waliokuwa na fedha mkononi wakakosa hata wa kumlipa. India ikazuia tena mchele wake wa kawaida Julai 2023. Sisi wenyewe Tanzania tumewahi kufunga mipaka kwa mahindi, na Mkenya aliyekuwa ameshika fedha zake Namanga anakumbuka.

Tatizo la pili ni rangi. Mahindi mengi yanayouzwa duniani ni ya njano, ya kulishia mifugo. Sisi tunakula meupe, na meupe yanauzwa na wachache, kama Afrika Kusini, Mexico, Zambia ikijaliwa, na sisi wenyewe. Wazee wa Dar es Salaam hawajausahau ule uliobatizwa "unga wa Yanga" kwa rangi yake, na Wakenya wa mwaka 1984 wana kumbukumbu zao za ugali wa manjano. Unashibisha, kweli. Ila mama anayekataa kuupika si mjinga, naye anastahili kusikilizwa. Aliukuta una harufu ya meli.

Tatizo la tatu ni siku. Mwaka 2017 ukame uliokuwa umeanza mwaka uliotangulia uliipandisha pakiti ya unga ya kilo 2 hadi zaidi ya shilingi 150 za Kenya. Shehena ya mahindi kutoka Mexico ilishuka Mombasa mwezi Mei, na serikali ikaufidia unga hadi shilingi 90 kwa pakiti. Unafuu ulipatikana. Lakini kati ya mwezi ambao mama wa Kibera alianza kupunguza ukubwa wa ugali na mwezi wa pakiti ya 90, msimu mzima wa masika ulikuwa unakatika. Hiyo ni nchi yenye bandari yake. Fikiria Kigali, Bujumbura au Bukavu, ambako baada ya meli kushusha bado kuna zaidi ya kilomita 1,000 za lori.

Tanzania nayo ina kidonda chake cha zamani. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulikuja pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na nchi ikajikuta inamaliza fedha za kigeni kwa kuagiza nafaka. Ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Waliokuwa serikalini wakati ule walijifunza kwamba mwaka wa ukame unaweza kuwa ndio mwaka ambao dola hazipo, na kwa maoni yangu somo hilo bado ni bichi.

Ethiopia: kukopa gunia, kurudisha gunia

Hapa ndipo natamani tungetazama zaidi. Baada ya njaa ya miaka ya 1970 Ethiopia ilianzisha akiba ya dharura ya chakula mwaka 1982, na baadaye ikaipa utawala wake wenyewe. Ghala hilo halikuanzishwa linunue kwa mkulima kupandisha bei wala liuze sokoni kuishusha. Lilianzishwa likopeshe. Shirika la misaada au idara ya serikali yenye ahadi ya kweli ya chakula, mathalani meli iliyokwisha kulipiwa lakini itakayofika Djibouti baada ya miezi mitatu, linakwenda ghalani na karatasi ya ahadi hiyo, linachukua nafaka leo na kuigawa. Meli ikifika, nafaka inarudishwa.

Ukiutazama vizuri, utaratibu huu unaunganisha pande mbili ambazo sisi tunazigombanisha. Fedha ya mhisani au ya hazina inafanya kazi yake kwa mwendo wake wa pole, na ghala linaziba pengo la siku. Mzigo unazunguka bila kutafuta mnunuzi: wa zamani unatoka kwa mkopo, mpya unarudi. Na ufunguo umefungwa na kanuni, anayechukua lazima aonyeshe atakachorudisha.

Haukukosa kasoro. Waliokopa mara nyingine walichelewa kurudisha, na ghala likapungua wakati ambapo lilihitajiwa zaidi. Pia unategemea kuwapo kwa wenye kuahidi. Nchi isiyo na misaada mingi wala bajeti ya dharura haina cha kuwekea rehani. Ila kati ya mifano yote niliyoitaja, huu ndio uliobuniwa na watu waliojiuliza kwanza swali la siku.

Mzigo wa wafanyabiashara

Njia hii naipitia haraka kwa bara, kwa sababu kwenye mahindi tuna uzoefu mdogo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilifungua mlango wa mkulima kuweka mazao kwenye ghala lililosajiliwa na kupewa karatasi anayoweza kuikopea. Kwenye korosho mfumo umeshika, kwenye mahindi mkulima bado anauza nyumbani kwa debe.

Kwa Zanzibar, hata hivyo, ningeutazama kwa makini sana. Visiwani chakula kikuu ni mchele, na sehemu kubwa unaletwa kwa meli. Kujenga maghala ya mahindi Unguja hakumsaidii mtu. Singapore, kisiwa ambacho karibu mchele wake wote hutoka nje, humtaka anayeingiza aina kuu za mchele aweke akiba ya mara mbili ya anachoingiza kwa mwezi, kwenye ghala lililoteuliwa na serikali. Mchele unabaki mali yake. Anauuza na kuubadilisha usije ukazeekea humo, ilimradi kiasi kisipungue. Hali ikiwa mbaya, serikali ina haki ya kuuchukua kwa kumlipa. Hazina haikopi senti kununua mzigo. Gharama inaingia kidogo kidogo kwenye bei ya kilo, na mlaji anailipa bila kuiona. Nadhani kwa kisiwa hiyo ni bei ya haki. Inataka kitu kimoja tu kigumu, mkaguzi asiyenunulika, atakayeingia ghalani kuhesabu magunia badala ya kusaini makaratasi ofisini.

Kihenge cha nyumbani

Hakuna akiba iliyo karibu na mdomo kuliko hii. Kati ya kihenge na sufuria hakuna siku hata moja. Halmashauri kadhaa za mikoa ya kati zimewahi kuwa na sheria ndogo za kuitaka kila kaya ilime mtama au muhogo kwa ajili ya akiba, na bibi zetu walikuwa wakining'iniza mahindi ya mbegu juu ya meko, moshi ukiwa ndio dawa. Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa, yenye matabaka mawili ya nailoni ndani ya gunia la kawaida. Ukiyafunga mahindi makavu humo, wadudu wanamaliza hewa wenyewe na kufa, bila chembe ya dawa.

Neno la kushika hapo ni "makavu". Mwaka 2004 katika wilaya za Kenya mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, wengi wao wakila mahindi waliyoyalima na kuyahifadhi wenyewe yakiwa na unyevu. Dodoma na Manyara zilipata msiba wao wa namna hiyo mwaka 2016. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Lile bambo na kile kipima unyevu cha kituoni, vilivyotuudhi sana siku ile, ndivyo vinavyokosekana kwenye kihenge cha kijijini. Kijiji kizima kingeweza kuwa na kipima kimoja kwa ofisa ugani, na turubai za kuanikia za kuazimana. Sijaona bajeti ya akiba ya taifa inayohesabu kipima unyevu cha kijiji kama sehemu ya akiba, na naona ni kosa kubwa.

Kihenge kina udhaifu mwingine: kinamtegemea aliyevuna. Mwaka ambao mvua imekataa, aliyeathirika zaidi ndiye mwenye kihenge kitupu. Mpangaji wa Temeke hana kabisa. Na mkulima maskini huuza Julai kwa sababu ya ada na deni, kisha ananunua Februari kwa bei ya juu mahindi yaleyale aliyoyauza. Mfuko usiopitisha hewa hautibu deni.

Ghala lisiwe na mabwana wawili

Kabla ya kuchagua, kuna mtego unaoharibu hata akiba nzuri. Mkulima anataka ghala linunue kwa bei ya juu. Mlaji anataka liuze kwa bei ya chini. Mwanasiasa huwaahidi wote wawili, na mara nyingi kwenye mkutano mmoja. Kenya katika msimu wa 2017/18 bodi ya nafaka ilitangaza shilingi 3,200 kwa gunia, juu ya bei ya soko. Mzigo ukamiminika, na wakulima wa Bonde la Ufa wakajikuta wanapanga foleni wiki nzima huku wafanyabiashara wakubwa wakiwa wamekwisha kupokelewa na kulipwa. Bei nzuri ikitangazwa na serikali humfikia kwanza mwenye lori.

Mkulima anastahili kusaidiwa, nami ni mtoto wa mkulima. Asaidiwe kwa mbegu, mbolea, barabara, na kwa kumwachia mpaka wazi auze anakotaka. Ghala la akiba linunue kiasi linachokihitaji, kwa bei ya soko la siku hiyo, na lilipe ndani ya wiki moja. Likishindwa kulipa ndani ya wiki, halina fedha ya kununua, na lisinunue.

Wapi uchague nini

Kwa Tanzania bara na Zambia, nchi zinazolima za kutosha miaka mingi na zenye mikoa inayopishana mvua, ningeweka nafaka mbele: akiba ya miezi mitatu kwa watu walio kwenye hatari, isiyozidi uwezo wa paa, inayotoka theluthi moja kila mwaka kwenda shule, magereza na kwa majirani. Fedha iwe ya pili.

Kwa Kenya, yenye bandari na midomo mingi ya mijini, ule mchanganyiko wake wa zamani wa gunia na dola bado naona ni sahihi, ikiwa dola zitawekewa akaunti ambayo hazina haiwezi kuichota kwa jambo jingine.

Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko mbali na meli, na kwao fedha peke yake ni kamari. Utaratibu wa Ethiopia wa kukopesha gunia ungewafaa, hasa kwa kuwa mashirika ya misaada tayari yana shehena njiani karibu kila mwezi. Zanzibar nimeshasema, iige Singapore.

Kwa wote, ufunguo uandikwe kwenye kanuni mwaka wa shibe: bei ya debe katika masoko yaliyotajwa ikizidi kiwango fulani kwa wiki nne mfululizo, ghala linafunguliwa kwa kiasi kilichotajwa, bila kusubiri ziara ya kiongozi wala barua kutoka makao makuu. Na magunia yaliyomo yatangazwe kila mwezi, kwa kila ghala, ubaoni nje ya geti.

Baba mdogo naye ameshachagua. Msimu uliopita alirudi kituoni kuuza, lakini kwanza alifunga magunia tisa ya kilo 100 kwenye mifuko isiyopitisha hewa, baada ya kuazima kipima unyevu kwa mfanyabiashara mmoja na kukisoma mara mbili. Wako watu sita nyumbani. Kwa gramu 400 kwa siku kila mmoja, mwaka mzima ni kilo 876, na zinabaki 24 za mgeni.